Mtutu wa Kusokotwa

Wendell Cutlip aliteremka kwenye pikapu yake amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa taulo la kuogea. Kaka yake Denzil, aliyesimama mlangoni mwa banda lake la kazi, alikijua kitu hicho kabla taulo halijafunguliwa. Mtu hasahau umbo la kitu alichokitamani tangu utotoni. Akajifuta mikono kwenye suruali, akajifanya anaangalia mawingu.

"Kaka, usinitukane," Wendell alisema huku akicheka. "Najua nimekosa. Nihukumu polepole."

"Fungua taulo, bwana. Acha maigizo."

Ilikuwa bunduki ya marehemu baba yao, Hobert. Bunduki ya marisau, ya risasi moja: unaivunja katikati, unatia moja, unafunga, unapiga, basi. Zamani kule milimani West Virginia zilikuwa zinauzwa duka moja na misumari na ndoo, na kila nyumba ilikuwa nayo nyuma ya mlango wa jikoni. Hakuna mtu mwenye akili zake angeiita mali. Lakini hii Hobert alikuwa akitoka nayo alfajiri na kurudi na kuchakuro wa kutosha sufuria nzima, na wanawe walikuwa wanaijua sauti yake kutoka ng'ambo ya mlima. Sasa ilikuwa imeliwa na kutu. Kitako kilipakwa rangi nyeusi ya ovyo ovyo, nyundo imeganda, na ndani ya mdomo wa mtutu buibui alikuwa amejenga, akazaa na akahama.

"Ulikuwa umeiweka wapi?" Denzil aliuliza.

"Kwenye banda la kuku."

"Banda la kuku."

"Si nimekuomba usinitukane?"

Denzil hakumtukana. Aliipokea bunduki kwa mikono miwili, akahisi uzito wake, na roho ikamuuma mpaka akasikia ladha ya chuma mdomoni. Banda la kuku, jamani! Angepewa yeye angeilaza kwenye flaneli. Angeipaka mafuta kila baada ya mvua. Lakini hakupewa. Hobert alikuwa na wana wawili: Denzil mkubwa, fundi wa mashine mgodini mpaka alipostaafu, mtu mwenye mikono ya dhahabu, na Wendell mdogo, mwenye mdomo wa dhahabu. Bunduki akapewa mdomo.

"Unataka niifanye nini?"

"Ifufue. Raelynn anafikisha miaka kumi, na mjukuu wangu huyo ameshaitangazia shule nzima kwamba msimu wa kuchakuro ukifunguliwa anaingia msituni na bunduki ya baba yake babu. Mimi hata nati siwezi kufungua, unanijua." Wendell alikigonga kitako kwa kidole. "Hii shetani, siku ya kwanza ilinipasua mdomo, unakumbuka? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu lakini mfupi kama kisiki, na kitako kirefu kama benchi la kanisani. Baba alicheka mpaka akakaa chini."

"Nakumbuka," Denzil alisema.

Alikumbuka vizuri mno. Siku hiyo alikuwa jikoni, dirishani, akiwaangalia baba na mdogo wake uwanjani. Alikuwa kijana wa kumi na sita, mwenye bunduki yake mwenyewe aliyoinunua kwa kukata nyasi za watu, nzuri kuliko ile ya Hobert mara mbili. Hakuitaka nzuri. Aliitaka ile.

Wivu una tabia moja mbaya: hauzeeki pamoja na mwenyewe. Magoti ya Denzil yalizeeka, macho yakaingia miwani, kifua kikajaa vumbi la makaa ya mawe. Wivu wake ulibaki kijana, unapanda mlima bila kuhema. Alimwonea Wendell wivu kwa sababu ya bunduki, na kwa ajili ya bunduki akamwonea wivu kwa kila kitu kingine: kwa utani wake, kwa watu kumpungia mkono barabarani, kwa mama yao, Opal, kuchagua kuishi kwake baada ya Wendell kufiwa na mke. Na ubaya zaidi, Wendell alikuwa hajui. Alimpenda kaka yake kijinga tu, wazi wazi, na hilo nalo lilimuudhi Denzil.

"Niachie," alisema. "Nitaangalia."

Basi akaanza. Alifungua parafujo moja moja, akizilaza kwenye kopo la mafuta ya taa. Nyundo aliibembeleza kwa mafuta mpaka ikakubali kulia *ka!* kama zamani. Mtutu aliusugua kwa waya laini, nje na ndani, na tambara likatoka jekundu, kisha kahawia, kisha safi. Aliuelekeza dirishani akachungulia: ndani ulikuwa unang'aa, hauna shimo, hauna ufa. Chuma kizima, cha kufuliwa kipande kimoja. Alifurahi kama mtu aliyepimwa hospitali na kuambiwa hana kitu.

Mke wake Twila alipita na kapu la nguo. "Wewe na hiyo bunduki mmeanza lini mapenzi?"

"Ni ya Wendell," Denzil alijibu.

"Nimeuliza mmeanza lini, sijauliza ni ya nani," Twila alisema, akaenda zake kuanika.

Jambo lililoharibu kila kitu lilikuwa kwenye kitako. Denzil alikuwa anakwangua ile rangi nyeusi, na chini yake ikawa inatoka mbao ya mjozi, nyekundu yenye mishipa, nzuri ajabu. Akawa anashangaa ni nani mpumbavu aliyeificha mbao kama hiyo. Alipofika karibu na mwisho, sehemu inayokaa begani, msasa ukafunua mstari. Mstari mwembamba, mnyoofu, umezunguka kitako chote. Akavua bamba la nyuma na kuona vigingi viwili vya mti vilivyotiwa gundi.

Akakaa kwenye kiti.

Kila mtu wa milima ile angejua maana yake. Mtoto akipewa bunduki ya kwanza, mkono wake ni mfupi, kitako kinampita. Baba hukikata kwa msumeno, kwa kipimo cha mkono wa mtoto yule, na kile kipande hukihifadhi. Mtoto akikua, kipande hurudishwa mahali pake kwa gundi na vigingi. Wapo wanaume wazee kule wanaokuonyesha ule mshono kama wengine wanavyokuonyesha picha ya harusi. Unasema: mtu alinipima mkono. Mtu alikaa akanisubiri nikue.

"Kwa hiyo alimkatia," Denzil alisema peke yake. "Alimpa, na akamkatia."

Miaka yote alijifariji kwamba Hobert alimpa Wendell ile bunduki kwa uvivu tu, kama mtu anavyompa mtoto koti kuukuu. Sasa ushahidi ulikuwa mkononi. Baba yao alikuwa amempima Wendell mkono, akachagua pa kukata, akatunza kipande. Na yeye? Yeye hakupimwa hata shati. Wivu ulimpanda, akatamani kuichukua ile mbao aitupe kwenye jiko la kuni.

Fundi mwenye hasira aende akalale. Denzil hakwenda. Akaamua siku ile ile kuupa mtutu rangi yake, na kazi hiyo ni ya mtu mtulivu. Unaupaka dawa inayoita kutu, unaacha kutu laini inaota, kisha unauchemsha kwenye maji mpaka kutu inageuka nyeusi, unasugua, unarudia, na kila ukirudia weusi unazidi kutulia. Siri yake ni moja tu na kila mtu wa kule anaijua: maji ya mvua. Maji ya visima vyao yamejaa chuma na harufu ya mayai yaliyooza. Hata shuka nyeupe hazisalimiki. Lakini ilikuwa Agosti, mvua ilikuwa imegoma, na pipa lililokuwa chini ya mfereji wa paa lilikuwa na majani makavu tu. Denzil akaliangalia pipa, akaangalia bomba la kisima. Akafungua bomba.

Alichemsha mtutu kwenye kihori kirefu cha kunyweshea kuku, juu ya majiko mawili ya gesi. Alipoutoa na kuusugua, akatukana. Mtutu wote ulikuwa na michirizi: kahawia juu ya nyeusi, imejipinda, imezunguka kutoka mwanzo mpaka mwisho kama nywele zilizosukwa.

Ndipo Wendell akatokea mlangoni na mfuko wa nyanya. "Mama kakuletea. Anasema usile zote na mayonezi." Akaweka mfuko, akainama juu ya mtutu. "Ehe! Na hii michirizi ni ya nini?"

Denzil alikuwa na jibu la kweli, fupi, la aibu kidogo: nimetumia maji ya kisima, mdogo wangu, nitarudia. Alilifungulia mdomo kabisa. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kitako, na kidole gumba kilikuwa juu ya ule mshono.

"Ni mtutu wa kusokotwa," alisema.

Wendell akaondoa mkono wake kwenye mtutu kana kwamba umemuunguza.

Mitutu ya kusokotwa ni ya enzi za babu za babu zao. Mafundi walikuwa wanazungusha tepe za chuma kwenye fimbo, wanazichoma na kuzifua mpaka zinashikamana, na michirizi yake ya kupendeza haifutiki. Kwa baruti za zamani ilitosha. Ukiipiga kwa risasi za siku hizi, inaweza kukupasukia mkononi. Kwenye ukoo wao hilo halikuwa hadithi. Mjomba wao Estel, kaka wa mama, alikuwa amesahau vidole vitatu msituni kwa sababu ya bunduki ya namna hiyo, na kila Krismasi watoto walisogezwa karibu waangalie mkono wa Mjomba Estel.

"Una hakika?" Wendell aliuliza. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Si unaona mwenyewe?"

"Lakini Baba aliipiga maisha yake yote. Mimi mwenyewe nimeipiga."

"Bahati. Chini ya kutu huwezi kuona."

"Mungu wangu. Na Raelynn..." Wendell akakaa juu ya ndoo. Alikuwa amepauka. "Nilikuwa nampa mtoto yule kwa mikono yangu."

Hapo Denzil angeweza bado kurudi nyuma. Aliona jinsi mdogo wake alivyoogopa, na kitu kikamgusa, sikatai. Lakini wivu ulikuwa umeshashika usukani. "Ndiyo maana nakuambia," alisema kwa sauti ya upole kabisa.

"Basi kaa nayo wewe. Ukutani inafaa, au vipi? Wewe utaitunza. Mimi sitaki kuiona nyumbani kwangu." Wendell akainuka, akamshika kaka yake bega. "Lakini niapie hutaipiga."

"Naapa."

"Umeapa haraka mno, Kaka."

"Unataka nipange foleni kwanza ndipo niape? Nimesema siipigi."

Wendell hakucheka. Alimtazama tena, kisha akaenda kwenye pikapu yake, na nyuma yake Denzil akaachia pumzi ndefu. Ilikuwa yake. Kwa neno moja tu! Angejua ni rahisi hivyo angelitamka mapema.

Kesho yake mvua ilinyesha. Denzil alisimama mlangoni akisikiliza pipa linavyojaa, akacheka peke yake kama mwehu. Akaifuta michirizi yote, akaanza upya kwa maji ya mvua, polepole sasa, kama inavyotakiwa. Mtutu ukatoka mweusi, mtulivu, wa kung'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Kitako alikisugua mafuta ya kitani kwa kiganja, tena na tena, mpaka mbao ikawa na joto. Alipoiunganisha yote na kuifunga, ililia *tak* kwa sauti ile ile iliyokuwa inamwamsha asubuhi alipokuwa mtoto. Aliiweka begani, akalenga mwaloni ulio nyuma ya banda, na moyoni akapanga: msimu ukifunguliwa nitapanda peke yangu mpaka kule juu, risasi moja tu, nani atajua?

Lakini starehe haikukamilika, na hilo lilimkera. Kila alipopitisha kiganja kwenye kitako alikutana na ule mshono. Yake, ndiyo, lakini kipimo ni cha mkono wa Wendell. Ni kama kumwoa mwanamke mwenye jina la mwingine lililochanjwa kifuani. Halafu simu ikawa inalia: Wendell, mara mbili, mara tatu. "Umeitundika?" "Nimeitundika." "Raelynn anasema asante, umemwokolea vidole. Amelia siku nzima lakini anasema asante." Denzil alikata simu akasugua mafuta kwa nguvu zaidi.

Jumapili Wendell hakuonekana kanisani. Tumbo, Opal alisema, limemshika tangu asubuhi. Twila alikuwa kwa dada yake, kwa hiyo Denzil ndiye aliyemrudisha mama yao nyumbani, na alipofika akakuta maharage yanatokota jikoni, mkate wa mahindi umefunikwa kwa kitambaa, na hakuna Wendell wala pikapu.

"Tumbo limekwenda matembezi," Opal alisema, akivua kofia. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, na kila Jumapili aliwalisha wanawe kana kwamba bado wanakua. "Kaa. Kula. Kwanza niambie, ile bunduki ya baba yenu kweli ni mbovu?"

"Ya kusokotwa, Mama."

"Ajabu. Hobert alikuwa anajua vyuma."

Denzil alivunja mkate wake, akautia kwenye maharage. Angenyamaza mambo yangepita. Lakini donda la zamani halinyamazi likiguswa. "Alijua kukata mbao pia," alisema. "Nimeona kitako. Alimkatia Wendell, akamuunganishia tena. Mimi hata siku moja hakuniambia njoo nikupime mkono. Mama, sina kinyongo, lakini nilikuwa mwanawe au sikuwa?"

Opal akaweka kijiko chini.

"Nani kakuambia alimkatia Wendell?"

"Mshono ninao mkononi."

"Mshono unao, akili huna. Wendell alipewa ile bunduki ikiwa nzima, ndefu kuliko yeye, ikampasua mdomo tukapaka siki. Mtu aliyekatiwa kitako anapasuka mdomo?"

Denzil akaacha kutafuna.

"Ulikuwa na miaka tisa," mama yake alisema. "Ile homa iliyokushika viungo ikakupanda mpaka moyoni. Ulilala hospitali ya Charleston kuanzia majani yanapoanguka mpaka theluji inayeyuka. Unakumbuka?"

"Nakumbuka dari."

"Baba yako alikuwa anatoka zamu mgodini, hakai, hali. Jioni moja akaishusha ile bunduki, akachukua koti lako la shule akalilaza juu ya meza hii hii, akapima mkono wa koti. Akakata. Mimi nikamuuliza, unafanya nini, mtoto yuko kufani? Akasema, Denzil atainuka kabla ya msimu wa kuchakuro, na akiinuka aikute iko tayari." Opal akafuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Ukainuka. Lakini daktari akasema moyo huo haufai kupanda milima, wala kupigwa teke na bunduki. Nikamwambia Hobert, ukimpa mtoto huyo bunduki, mimi naondoka kwenye nyumba hii. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaunganisha mbao yake kimya kimya, akaipaka rangi nyeusi usiuone mshono ukauliza. Na moyo wako ulipokuja kupona, umeshakuwa kijana mkubwa, una bunduki yako nzuri, unamwangalia baba yako kama jiwe. Akasema, hii ya kwangu hataitaka tena. Ndiyo akampa Wendell."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Wewe maisha yako yote hukuuliza kitu, Denzil. Unakaa nacho kinakuozea."

Denzil alitazama meza. Mkono wa koti la shule. Alijaribu kumwona Hobert ameinama pale na mikono yake myeusi ya makaa, analainisha mkono wa koti lisilo na mtoto ndani. Machozi yakamtoka, yakadondokea kwenye maharage, na hakuyafuta. Alikuwa amelionea wivu koti lake mwenyewe.

Ndipo akajua la kufanya, na lilikuwa jepesi. Angemwambia Wendell ukweli leo hii hii. Atukanwe, apigwe hata ngumi, sawa. Bunduki iwe ya Raelynn. Akate kitako palepale kwenye ule mshono, kwa msumeno ule ule wa Hobert, na mtoto apimwe mkono. Alijisikia mwepesi. Hata njaa ilimrudia.

Nje pikapu ikafunga breki.

Wendell aliingia na suruali ya kazi, unga wa chuma umemjaa nywele na nyusi. Mkononi alikuwa na lile taulo la kuogea. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake.

"Kaka, usinitukane," alisema, na safari hii hakuwa anacheka. "Natoka kwako. Tumbo nilidanganya. Ufunguo wa banda lako nilijua uko chini ya kopo la rangi."

Akalaza taulo mezani, kati ya maharage na mkate, akalifungua. Kitako kilikuwa pale, kizima, kinang'aa mafuta. Na mtutu ulikuwa pale, vipande viwili. Ulikuwa umekatwa kwa grinda chini kabisa, pale risasi inapokaa, pasipoungika tena.

Denzil akainama juu ya mtutu.

"Silali," Wendell alisema. "Toka siku ile uliyoapa haraka haraka, silali. Nakujua. Nikasema acha nikaangalie tu kama imetundikwa. Nikaikuta juu ya meza yako, na michirizi umeifunika yote, umeipaka nyeusi kama mpya. Nzuri, Kaka, Mungu shahidi, sijaona kitu kizuri kama kile. Na ndipo nikajua unakusudia kuipiga. Mtu haipendezeshi hivyo bunduki ya ukutani. Nikaona mkono wako kama ule wa Mjomba Estel. Katika nyumba ya Baba nimebaki na Mama na wewe tu, na Mama ana miaka themanini na kitu." Akavuta kamasi. "Nilikata kwa grinda yako mwenyewe. Nilikuwa nalia kama mtoto. Mbao sikuigusa. Mbao chukua, iliyobaki ya Baba ni hiyo."

Denzil akauchukua mtutu, kipande kifupi. Pale ulipokatwa palikuwa peupe, duara safi, chuma kimoja, kinameremeta. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa ameingia na maji yake.

"Mwambie ndugu yako asante," Opal alisema. "Kafanya kwa kukupenda."

Angeweza kusema asante. Ingepita, wangekula, na siri angeenda nayo kaburini bila mtu kujua. Midomo yake ilishaanza kulitengeneza neno. Lakini kitako kilikuwa mbele yake, na mshono ulikuwa unamtazama.

"Mtutu ulikuwa mzima, Wendell."

"Unasemaje?"

"Haukuwa wa kusokotwa. Ile michirizi ni maji ya kisima. Nilikosea maji, halafu nikakudanganya."

Wendell alimwangalia mama yake, akaangalia unga wa chuma kwenye mikono yake mwenyewe, akaugeuza mkono huu na ule. Alivuta kiti, akakaa taratibu kama mtu mwenye mgongo mbovu.

"Kwa nini?"

"Niliitaka," Denzil alisema. Alikuwa mzee, babu ya watu, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto. "Niliitaka tangu siku aliyokupa. Nilikuonea wivu, mdogo wangu. Wivu tu."

Wendell hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Aliokota kile kipande kirefu cha mtutu mweusi, akakichungulia ndani kuelekea dirishani kama alivyowahi kufundishwa na Hobert, akaona kunavyong'aa, akakirudisha kwenye taulo.

"Si ungeniomba tu, Kaka," alisema. "Ningekupa."